Nyuki wa Saa Nne

Kajiado, 4 Septemba 2022

Kaka Lemein,

Mimi na yeyo tuko wazima, ila mgongo bado unamsumbua huyu mama yetu. Huko Kitengela watoto hawajambo?

Umeuliza nyuki wanaponaje kiangazi hiki. Nawafunulia karai la maji ya sukari saa nne asubuhi. Wanakuja saa hiyo hata jua likifunikwa na mawingu. Mwalimu wetu wa ufugaji anasema saa iko ndani ya miili yao, wameirithi. Maua hufunguka kwa zamu, kila aina kwa saa yake. Tangu zamani mzinga uliochelewa ulikufa njaa, uliowahi ukazaa mingine. Jumapili nikiwa kanisani, jirani Phylis hunifunulia karai.

Yule mnunuzi wa shamba mwambie asahau. Baba alisema shamba lisiuzwe maadamu mizinga ina nyuki, na asali ndiyo inatulisha.

Dada yako,
Nailantei

Kitengela, 11 Septemba

Dada mpendwa,

Sisi wazima, tunamshukuru Mungu. Barua yako nimeisoma mara mbili. Kumbe nyuki wana akili hivyo! Nimemwambia mnunuzi angoje kidogo.

Kaka yako,
Lemein

Kajiado, 26 Septemba

Lemein,

Leo sina salamu. Jana tulitoka kanisani tukakuta nyuki wamejaa chini kuzunguka karai kama maharagwe yaliyomwagika, wote wamekufa. Mizinga yote kimya. Maji yananuka dawa ya nyanya, ile ya kuulia wadudu. Phylis alikuta karai limeshafunuliwa, na pikapu yako ikitoka langoni. Niambie alikosea, tafadhali. Yeyo hataki kula.

Nailantei

Kitengela, 2 Oktoba

Dada mpendwa,

Natumaini yeyo anakula sasa. Phylis ana macho mazuri. Mwalimu wako mpe asante, saa nne kamili walikuja wote. Sasa mizinga haina nyuki, neno la baba nimelitii. Mnunuzi anakuja Jumatatu, toeni vyombo.

Kaka yako,
Lemein

Kajiado, 6 Oktoba

Kaka mpendwa,

Sisi wazima. Vyombo tumetoa, na yeyo yuko kwa Phylis.

Nimepata kazi huko Kitengela. Kile kihoteli mkabala na duka lako kilikuwa kinatafuta mpishi. Mkeo Evalyne aliniambia kitambo kwamba hujawahi kukosa chai yako ya saa nne pale.

Naanza Jumatatu. Usiogope, dawa ya nyanya sina. Chai yako nitaipika mwenyewe kila siku, halafu nisimame dirishani nikutazame ukinywa.

Usichelewe.

Dada yako,
Nailantei