Nilimwitikia Mgeni kwa Heshima, Sasa Baba Mkwe Anavuliwa Cheo

Mpendwa mshauri wetu, Sonunbubu eje, dada yetu mkubwa, naomba unisaidie kabla ya Ijumaa, maana nimechanganyikiwa hata chai naimwaga nje ya bakuli.

Mimi ni mkaza mwana katika nyumba ya mzee mmoja wa At-Bashi, huku milimani, jina lake siwezi kuliandika, unajua mwenyewe mke wa mwana hatamki jina la baba mkwe, na tunapokea wageni wanaokuja kupanda farasi, mkalimani ni mimi. Wakati wa uchaguzi wa diwani alikuja Bwana Anselm, mtu mpole, anaandika habari za siasa za nchi za watu, akamwona baba mkwe akifungua viganja kumwombea dua mpwa wake Joomart aliyekuwa anagombea, watu wote wakapangusa nyuso, naye akaandika daftarini. Hakuwepo juzi yake, mzee alipowaombea dua ileile wagombea wengine wawili, maana kwetu anayebisha hodi kuomba dua hanyimwi. Siku ya kura, mchana, tuko kwenye chakula, nyama inagawiwa, akaniuliza, "Kwa hiyo nyumba yote mmempigia mpwa wa mzee?" Baba mkwe akasema, "Anasemaje huyo, binti?" Nikatafsiri, na mbele ya baba mkwe ningesema nini, nikainamisha kichwa nikamjibu mgeni, "Ndiyo, sote."

Eje, nilidanganya. Mimi, wifi yangu na mama mkwe mwenyewe tulimpigia Kanyshai, daktari wa mifugo, mwanamke asiye wa ukoo wetu, aliyekuja theluji ikimfika magotini kumzalisha ng'ombe wetu. Kanyshai akamshinda Joomart kwa kura nne. Joomart alikuja amefura, "Nani humu ndani amenigeuka?" Baba mkwe akamjibu, "Kaa unywe chai, Joomart." Akammiminia.

Anselm alikuwa ameondoka kabla matokeo hayajabandikwa. Sasa makala yake imetafsiriwa, iko kwenye kila simu, kwamba huku kura ni ya ukoo, mzee akifungua viganja watu wanamfuata kama kondoo, na shahidi ni mkaza mwana wake. Kijiji kimewaka, wanasema mzee alijigamba kwa mgeni na kuwafanya wote wajinga. Ijumaa wazee wenzake wanakaa kumvua kazi ya kusuluhisha kesi, kazi aliyoifanya miaka kumi na tisa, na yeye hajitetei. Nikisema ukweli, Joomart atajua tulivyopiga kura, na mume wangu yuko upande wake, nyumba itavunjika. Nikinyamaza, mzee anaaibika kwa mdomo wangu. Nifanyeje?

Mkaza mwana, At-Bashi

*

Mwanangu, jibu hili nilikufikishia kwa mkono kabla ya hiyo Ijumaa, nalichapa leo kwa faida ya wengine. Majina nimebadilisha, kijiji nimebadilisha, na yule ng'ombe hakuwa ng'ombe, kwa hiyo wambea wasijisumbue.

Pole. Sasa nikugombeze. Nani alikupa kazi ya kuzijibia kura za watu wanne, watano? Ungemwambia mgeni, "Hilo halitafsiriki, kula nyama." Aliona viganja akadhani ni amri. Wewe umezaliwa humu, unajua dua ni dua na kura ni kura, ukampa uongo kwa adabu, naye akaupeleka kwao akidhani ndiyo nchi yetu. Usimtupie yeye lawama zote. Mpigie simu leo, mwambie wagombea walikuwa watatu na dua zilikuwa tatu, na mshindi ni mwanamke asiye wa ukoo wa mzee. Mwambie aandike hivyo palepale alipoandika mwanzo. Akikasirika asije tena, farasi wenu watapandwa na wengine.

Ijumaa nenda. Najua mke wa mwana hapazi sauti mbele ya baba mkwe. Basi usipaze, sema polepole, watanyamaza wakusikie. Sema maneno aliyoyaandika mgeni yalitoka kinywani mwako, mzee hakusema lolote, na hakuna aliyewahi kukuagiza umpigie nani. Joomart akikuuliza ulimpigia nani, mwambie karatasi iko ndani ya sanduku. Haya ni ya kweli yote, wala huhitaji kumtaja mama mkwe wako.

Jambo moja la mwisho. Unadhani mzee hajui mlivyopiga kura. Kijiji kizima kinasema anaamrisha kura, na angeweza kujisafisha kwa kusema, "Hata nyumba yangu haikunifuata." Hajasema. Joomart alipouliza nani amemgeuka, alimkalisha chini akampa chai. Mwanangu, mzee alijua tangu siku ile. Anavuliwa kazi yake akiwaficha ninyi watatu, na wewe umekaa jikoni unamwaga chai.

Funga kitambaa chako, nenda kamsemee.