Maumivu Hayaamkiwi Shikamoo

Geita, hospitali ya mgodi

Mama yangu mpenzi,

Usinikasirikie kwa kuanza bila kukuamkia. Shikamoo yako nimeiweka mwisho, na utaona kwa nini.

Jiwe liliniangukia shimoni, likanivunja mguu, lakini naendelea vizuri. Kila jioni huja kunitazama fundi wetu wa pampu, mtu wa Silani, kisiwa cha karibu na Uhindi, anayefuata mafundisho ya Budha. Huniletea chai ya tangawizi na giligilani, kali mpaka masikio yanawaka. Juzi alinikuta nalia. Akaniambia, "Maumivu yakija usiyafukuze. Yasalimu, yatazame vizuri, halafu yaache yaondoke yenyewe."

Nami, mtoto uliyemlea kwa adabu, nikainamisha kichwa nikasema, "Shikamoo, maumivu."

Fundi akacheka hadi akamwaga chai. "Shikamoo ya nini? Kwani ni wakubwa zako? Wala si adui zako. Ni wageni tu, na mgeni huaga."

Leo asubuhi dresa aliponisafisha kidonda, nikayaambia, "Mwangaluka!" kama ninavyomsalimu jirani asubuhi. Yaliuma, Mama, sikudanganyi. Yakapanda hadi nyonga, nikayatazama, yakashuka. Sasa wodi nzima inasalimiana na maumivu yake kwa Kisukuma.

Kesho wanaufungua mguu kuona kama mfupa umeunga. Ukiwa umepinda nitachechemea, lakini nyumbani Mhunze nitafika. Nawe mgongo ukikusumbua, usiupigie magoti.

Shikamoo, Mama. Hii ni yako peke yako.

Mwanao,
Masanja