Mchanga Chini ya Lori

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie, wewe na watoto. Mimi ni mzima, ila mgongo unanikumbusha kila jioni kwamba matofali hayana huruma. Je, kikohozi cha mtoto kimepoa? Na paa la jikoni, bado mnalitegea sufuria?

Ujumbe wako nimeupata. Unasema mumeo aliahidi kufika Jumamosi, ukapika, watoto wakalala na viatu miguuni wakimngoja, asitokee. Na jirani anakucheka kwamba shemeji amepata jiko jingine huku. Dada, huku tunalala wanaume wanane chumba kimoja, na shemeji anakoroma kuliko lori lake. Mwanamke gani atamvumilia zaidi yako? Tulia nikueleze.

Kwa muda giaboksi ya lori ilikuwa inalia kama mbu sikioni. Shemeji akasema ni uzee tu. Kila asubuhi kabla ya kuwasha huchungulia chini ya lori. Akiona pakavu, anaamini hakuna kinachovuja. Ijumaa tulikuwa tunashuka mlima na mzigo kamili, mimi nimekaa naye mbele. Gia ikaruka yenyewe. Akairudisha, ikakataa, ikasaga meno hadi yangu nayo yakauma. Lori likabaki halishikwi na kitu ila breki, na breki zikaanza kunuka. Shemeji hakupiga kelele. Aliniambia nishike kiti na nifunge mdomo nisije nikajing'ata ulimi, kisha akalipeleka kwenye lundo la kifusi kando ya barabara. Tukasimama wazima. Akacheka, akasema ndiyo mara ya kwanza ananiona nimenyamaza tangu aoe kwetu.

Fundi alipofungua giaboksi, oili iliyotoka haikujaza kikombe cha chai, nyeusi, inametameta vipande vya chuma. Akatueleza kwamba gia zikikosa oili zinasuguana, zinapata moto, zinakatika meno. Hapo ama gia inaruka kama ilivyoruka, ama zinakamatana, magurudumu yanafunga ghafla mkiwa mwendoni. Akamuuliza shemeji kama alisubiri lori limwandikie barua.

Mwenye yadi hii ya matofali, tunayemwita Bwana Usafi, aliwaka. Alitaka kujua oili yote hiyo ilivujaje bila kuonekana. Shemeji akajibu kuwa ni uzembe wake, hakukagua. Likizo ikafutwa, akaamriwa abaki kumsaidia fundi. Ndiyo maana hukumwona.

Sasa dada, kaa chini. Shemeji alikuwa anakagua. Tatizo ni mimi. Bwana Usafi hataki doa mbele ya wateja, na kazi yangu ya kwanza kila alfajiri ni kumwaga mchanga juu ya oili iliyodondoka chini ya malori na kufagia. Nilifagia vizuri hadi nikasifiwa. Nilidhani gari zee kutokwa oili ni kama mtu kutokwa jasho. Shemeji aliuona mchanga mweusi kwenye toroli langu siku ileile fundi alipofungua giaboksi, akanitazama tu. Nilipomuuliza kwa nini hakunitaja, alisema nikifukuzwa nitarudi kwako na njaa yangu, nawe utamlaumu yeye vilevile.

Nilishindwa kulimeza. Jana nilimwendea Bwana Usafi, nikamweleza yote. Alinitukana hadi mate yakamkauka, kisha akasema mchanga basi. Sasa kila jioni natandika boksi safi chini ya kila lori, na asubuhi nampelekea fundi alione kabla dereva hajashika usukani. Kazi ninayo, na shemeji amerudishiwa likizo.

Atafika Alhamisi. Mfungulie mlango kwa furaha, usimuulize kitu. Ugomvi nitunzie mimi, nitakuja kuuchukua mwenyewe. Na lile paa, siku hiyo ondoa sufuria. Mwache aone panapovuja.

Wabusu watoto, na jirani msalimie pia, kwa sauti.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye ufagio.