Ganda Lililojazwa Mara Mbili

Baba Neema wangu,

Leo nimefuta meza ya jikoni, ile uliyoitoboa matundu manne ili ufunge mashine yako ya kujazia risasi. Mashine iko chini ya kitanda, na matundu yamejaa makombo ya mkate. Ni wiki ya tisa tangu presha ikuchukue. Kanisani wanasema nina moyo mgumu kwa kuwa sijalia. Mimi sisikii kitu, basi. Nakunywa chai na sijui kama ina sukari.

Unakumbuka ilivyoanza? Ulikuwa mlinzi wa malori ya mizigo, na kila baada ya miezi michache wakubwa waliwapima shabaha. Ukikosa, bunduki anapewa mwingine, wewe unarudi kufungua geti. Gharama za mazoezi zilikuwa juu yako, na risasi za dukani zilikuwa za matajiri wa Morningside. Ndipo ukaanza kuokota maganda yako matupu kwenye uwanja wa shabaha, ukayaleta nyumbani Umbilo ndani ya mfuko wa mchele, tukayaosha kwenye beseni la vyombo. Nilikucheka: "Papa, wenzako banaleta nyama, weye unaleta mifupa." Ukanijibu, "Ngoja. Hii mifupa itatulisha."

Na ilitulisha. Kila Jumamosi mchana tulizima redio, wewe ukapima baruti na kuimimina, mimi nikatia vichwa vya risasi na kuvuta mkono wa mashine. Ulitia baruti kidogo, haikufika hata nusu ya ganda, kwa sababu zilikuwa za mazoezi tu. Sheria yetu ilikuwa moja, maana ganda likijazwa mara mbili hupasua bunduki: tukikatizwa, tunamwaga yote na kuanza upya. Boksi likijaa ulibandika karatasi, ukaandika kipimo, na chini yake Baba Neema na Mama Neema. "Risasi ni kama mtoto," ulisema, "lazima wazazi wake wajulikane." Sijawahi kukwambia jinsi nilivyopenda kuona jina langu pale.

Halafu ikaja ile Jumamosi. Mchungaji na mkewe walitoka Sydenham, wakagonga mlango. "Bonjour, papa! Tulipita tu kusalimia." Wewe si mtu wa kumsalimia mgeni ukiwa umekaa. Uliinuka na funeli mkononi, ukaiacha juu ya maganda, ukawashika mikono wote. Tukanywa chai, tukaomba. Walipoaga ukawasindikiza. Mwingine angeishia kwenye ngazi, lakini wewe uliwafikisha hadi kwenye robot, zile taa za magari za Umbilo Road, ukasimama nao mpaka taxi ikapatikana. Mwenda kusindikiza kwetu harudi upesi.

Mimi nikabaki na meza. Jumatatu ulikuwa na jaribio la shabaha, Jumapili asubuhi ulitaka kwenda uwanjani. Nikaona nikusaidie. Nilidhani najua ganda uliloishia, nikaendelea kutoka pale, nikafunga yote hamsini. Uliporudi ukauliza, "Ulimwaga kwanza?"

Nikasema, "Nilimwaga, nikaanza upya."

Ukaniamini, ukabandika karatasi.

Kesho yake bunduki ilipasuka usoni mwako, na jicho la kulia likaenda. Hospitalini alikuja mzee wa uwanja na daftari lake, akauliza nani alijaza zile risasi. Nilikuwa nimesimama kando ya kitanda. Ukasema kabla sijafungua kinywa, "Ni mimi peke yangu. Madame hajui hizi mambo, eish, yeye anajua tu fufu." Yule mzee akacheka, akaandika. Na mimi nikanyamaza.

Nilinyamaza ulipopoteza kazi. Nilinyamaza ulipokaa kwenye duka la simu la shemeji, ukigeuza kichwa chote ili umwone mteja aliyesimama upande wa kulia. Kila uliposema, "Kosa langu, niliinuka kusalimia watu," nilikumiminia chai. Nilijiambia hujui, na asiyejua haumii.

Leo nimevuta mashine nikatoa na lile boksi. Risasi zilizobaki umezifungua moja moja, baruti umeitoa, maganda umeyapanga. Karatasi bado ipo. Kipimo kipo, Baba Neema ipo. Palipokuwa na jina langu pana tundu lililokatwa kwa wembe, limenyooka kama ulivyokuwa ukikata kila kitu.

Nimekaa nalo mchana kutwa. Aliyemwaga yote na kuanza upya hawezi kujaza ganda moja mara mbili. Hesabu hiyo hata Neema angeijua, na wewe uliijua kitandani pale, bandeji usoni, kabla mzee hajafungua daftari. Ulijua nimekudanganya, ukaishi nami, ukala fufu yangu, na jioni ukaniuliza kama miguu inaniuma.

Ungenigombeza, Baba Neema. Ningelia siku ile, yakaisha.

Hapa watu wanazungumzia mwaka elfu mbili, eti ukiingia tu mashine zote zitasimama. Acha zisimame. Yako nitaifunga tena kwenye matundu yake, ikae tu. Nimekata kipande cha karatasi, nikaandika jina langu, nikakibandika kwenye lile tundu. Mwandiko wangu si mzuri kama wako, ila unasomeka.

Lala salama, papa. Niliyejaza ni mimi.

Mke wako,
Mama Neema