Samaki Wapanda Mawe na Ndama wa Dutwa

Guku, babu yangu mpendwa,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu. Ulikufa watu wakiamini kuwa macho yako ndiyo yaliyokosea ndama wa Mzee Masanja. Si macho yako. Ni mimi.

Unakumbuka siku Masanja alipotoka Dutwa kumchukua ndama wa ng'ombe wake aliyekuachia umlishie? Mlikuwa mnakunywa maziwa, ukanituma zizini. Ndama wawili walikuwa wekundu wenye baka jeupe usoni. Mara ngapi ulinifundisha: "Usinitajie rangi, nitajie mama yake." Nikamshika wa karibu.

"Ndiye, mwalimu?" ukauliza, ukiniita kama ulivyozoea.

"Ndiye, Guku."

Jioni ng'ombe wetu alizunguka zizi akilia. Nikajua. Nikaingia ndani na kitabu changu, nikanyamaza.

Wewe ndiye uliyekwenda Dutwa kubadilisha ndama na kuomba radhi. Masanja akakucheka: "Msukuma asiyemjua ndama! Wewe sasa ufuge kuku." Ulicheka naye, lakini tangu siku hiyo ulimwachia Baba Mdogo fimbo ya kuchungia.

Yote yamerudi kwa sababu ya samaki. Mwalimu wa baiolojia alinipa nichore chati ya samaki waitwao gobi, wanaopanda maporomoko ya maji. Ni wadogo kama kidole. Mapezi yao ya tumboni yameungana kama kikombe, hunata nacho kwenye mwamba na kupanda; wengine hutumia mdomo pia. Najua ungesema, "Samaki apande jiwe? Huyo kenge." Zamani gobi wote waliwekwa katika familia moja. Siku hizi watafiti wengi, wakifuata vinasaba, wamewahamishia hawa wapandaji katika familia nyingine. Nilisoma wiki nzima. Halafu nikaona picha ya samaki wa mito ya Asia, naye ananata kwenye mawe, nikambandika humohumo.

"Huyu ananata, lakini si gobi," mwalimu alisema. "Uliangalia anachofanya au ukoo wake?"

Darasa likacheka. Mimi nilikuwa namsikia ng'ombe wetu.

Tangu hapo sikutulia. Nilifungua daftari, nikalifunga. Alhamisi Baba Mdogo alichanganya ndama malishoni, akatania, "Nimerithi macho ya mzee." Wote wakacheka isipokuwa Bibi. Alisimama akatoka nje.

Ijumaa nilimbandua yule samaki, nikaandika familia yake pembeni. Jumamosi asubuhi nikachukua baiskeli mpaka Dutwa. Nilimkuta Masanja anapanga magunia ya pamba. Nilimwamkia, nikamweleza huku natazama miguu yangu.

Alikaa juu ya gunia. "Kwa hiyo mzee alikuwa anaona?"

"Alikuwa anaona. Aliniamini tu."

Akamwita mkewe na wanawe, akaniambia nirudie. Nikarudia, kwa sauti. Kisha nikarudi nyumbani Bariadi, nikamkuta Bibi anapukuchua mahindi na Baba Mdogo yuko pale. Nikaketi, nikaanza kupukuchua, nikawaeleza wote wawili.

Ni mimi mjukuu wako,
uliyekuwa ukimwita mwalimu.