Mashine Haikuwa Yetu, Papa

Papa,

Nimekaa kwenye kiti chako, ndani ya ofisi yako ya mbao, na mlango nimeuacha wazi makusudi. Ni saa nane mchana. Shukuru wa mashine, mtu mzima mwenye watoto watano, hakubali tena kuingia humu peke yake. Anasema mara mbili amekusikia ukikohoa nyuma ya mapipa ya mawese. Nilimcheka. Halafu nikakusikia mimi mwenyewe, kile kikohozi chako cha soda kali ya kupikia sabuni, mara tatu halafu kimya. Nikaita "Papa?" na wafanyakazi wote waliokuwa wakisafisha mapipa wakaacha kazi wakanitazama.

Nyumbani ni hivyo hivyo. Mama anasema harufu ya sabuni mbichi inaingia chumbani asubuhi, wakati tangu uondoke mpaka jana hatukuwa tumepika sabuni hata sufuria moja. "Papa yako hajaenda," anasema, na anaendelea kuchambua maharagwe. Nami nikisinzia kidogo baada ya chakula nakuona umeinama chini, unapapasa sakafu ya kiwanda, unatafuta kitu. Hunitazami. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, Papa, kwamba hunitazami.

Kwa hiyo nakuandikia. Nadhani nimejua unachotafuta, na nadhani ni mimi niliyekipoteza.

Unakumbuka ulivyokufa? Sijui kama wafu wanakumbuka. Risasi zilikuwa zinalia tangu Jumapili, farmasi zote za mtaa wetu wa Ndosho zilikuwa zimefungwa, na dawa yako ya sukari ikakwisha Jumanne. Nilipigia simu kila dereva wa moto, wa pikipiki, ninayemjua. Hakuna aliyekubali kutoka. Alhamisi ukaacha kuitika. Jumamosi milio ilipotulia kidogo tukakuzika haraka haraka, watu hawafiki ishirini, wewe ambaye harusi yako inasemekana ilijaza parokia mbili.

Na unajua desturi yetu, hatumfukii mtu kabla ya kuuliza. Papa Mdogo Kambale alisimama ili aulize, sauti ikamkatika. Akanionyesha kwa mkono: wewe ndiye mkubwa, Masika, uliza. Nikasimama mbele ya sanduku lako. Nikauliza nani anadaiwa na marehemu. Mama mmoja wa soko akasema ana katoni zako tatu hajalipa, watu wakacheka kidogo, kicheko cha kwanza wiki ile nzima. Nikauliza nani anamdai marehemu. Kimya. Hapo ndipo nilipoharibu. Siku moja kabla nilikuwa nimefungua daftari lako kubwa la hesabu, nikasoma ukurasa wa kushoto: tanuri la mvuke, mashine ya kukata na kugonga, kalibu, mawese, sabuni iliyo stoo. Nikafunga daftari nikiwa nimeridhika. Basi pale kaburini nikapaza sauti mbele ya watu na mbele ya padri: "Papa amekufa hana deni ya mutu!"

Wakajibu Amina. Nilijivuna, Papa. Nakuambia ukweli, katikati ya machozi yale nilijivuna.

Lakini nani angejibu? Benki ilikuwa imefungwa, mameneja wake wamekimbia. Muzee Paluku, ambaye leo najua anakudai, yuko Butembo, ng'ambo ya mstari wa vita, barabara haipitiki. Niliuliza swali wakati wenye jibu hawapo, nikachukua kimya cha watu ishirini nikakifanya risiti.

Mwezi mmoja baadaye Papa Mdogo akaleta mnunuzi wa mashine ya kugonga sabuni. Bei nzuri, dola mkononi, na unajua hali ya nyumba. Mnunuzi akaomba karatasi ya manunuzi. Nilipekua kila droo. Sikuipata. Nilichopata, chini ya mfuko wa soda, ni jalada la kijivu ulilolifunga kwa kamba ya raba, na juu yake umeandika kwa ile kalamu yako nene: *Bail*.

Nikampelekea Madame Espérance. Ndiye aliyenifundisha hesabu za biashara sekondari. Siku hizi shule haina mshahara, anauza makala, mkaa wa kupikia, mbele ya nyumba yake. Akafuta mikono kwenye kitenge, akasoma kurasa zote bila kuinua kichwa. Halafu akasema, "Masika, hii ni mkataba ya kukodi. Mashini haiko ya kwenu."

Nilibisha. Nikamwambia ipo kwenye daftari, ukurasa wa kushoto, nimeiona kwa macho yangu. Akaniuliza kwa upole ule wa darasani: na wa kulia, uliusoma? Papa, sikuwa nimeusoma. Niliona mali nikaona inatosha.

Tukakaa pale kati ya mifuko ya makala akanifundisha upya. Mashine ya kukodi kwa miaka mingi, akasema, inaandikwa kushoto kwa sababu unaitumia kana kwamba ni yako, lakini kodi zote ambazo bado hujalipa zinaandikwa kulia, kwa sababu ni deni kama deni lingine. Muzee Paluku aliinunua yeye. Wewe uliikodi miezi sitini, na baada ya mwezi wa sitini unatoa dola mia moja za mwisho ndipo inakuwa yako. Ulikuwa umelipa miezi ishirini na mitatu. Nikasema basi deni limepungua karibu nusu. Akatikisa kichwa. Kila unapolipa, sehemu ni faida ya mwenye mali na sehemu ndiyo inayopunguza deni, na mwanzoni faida ndiyo inayokula zaidi. Alinipigia hesabu kwenye kipande cha katoni. Miezi yako ishirini na mitatu ya kujinyima, ya kuvaa viatu vilivyoshonwa, ilikuwa imelipunguza kidogo tu.

Halafu tanuri. Hilo umelinunua kweli, lakini kwa mkopo wa benki wa miaka saba. Madame akanionyesha ulivyoligawa deni mara mbili, kwa mwandiko wako mdogo ule: kipande cha kulipwa ndani ya mwaka huu, na kile kirefu cha miaka ijayo. Nikamwambia benki yenyewe imefungwa. Akanijibu kwamba mlango umefungwa ila mkataba haujafungwa, riba inatembea. Na kiwanja nacho kimekodiwa. Hata mawe haya meusi tunayokanyaga, unayalipia katoni mbili za sabuni kila mwezi kwa yule mjane wa jirani, ambaye alikuja mazishini, akalia, akaona haya kunikatiza.

Nilirudi kwa miguu. Nilipoingia kiwandani nikaiangalia mashine ile iliyogonga jina langu, jina ulilolipa sabuni yetu, kwenye kila mche kwa karibu miaka miwili, nikashindwa kuigusa.

Bado nilikuwa na hasira na wewe. Kwa nini hukusema? Mimi ni mtoto wako mkubwa, nilikuwa hapa kila siku, nikikuandikia ankara! Basi nikarudi kwenye jalada, na nyuma ya mkataba nikakuta karatasi ya daftari la shule, mwandiko wako, si hesabu. Umeandika: *Kambi zikibaki, tunalipa. Watu wakirudi kwao, Mungu awarudishe, nitalipa na nini?*

Nilikaa chini, Papa. Nikakumbuka siku ile tulipopeleka lori la sabuni kwenye kambi ya wakimbizi ya njia ya Kibumba, ule mwaka shirika la misaada lilipokuwa linaagiza kila wiki. Ulisimama juu ya lori ukawa unahesabu mahema ya plastiki kwa kidole, midomo ikitembea. Mimi chini nilikuangalia nikasema moyoni, tazama papa yangu anavyowahurumia watu. Sasa najua kwamba ulikuwa unahesabu pia miezi. Ulikodi mashine kubwa kwa sababu wakimbizi walikuwa wengi na sabuni kidogo tuliyoikata kwa mikono haikuwatosha. Miezi sitini ya deni juu ya mahema ambayo kila mtu ndani yake alikuwa anaomba aondoke kesho.

Na wakaondoka. Siku tatu tu kambi zikawa tupu. Unakumbuka walivyopita mbele ya geti, na magodoro kichwani, na kuku, na watoto wamefungwa migongoni? Ulifungua stoo ukaanza kuwagawia sabuni bure, mche mmoja mmoja, kila mama aliyepita. Nilikupigia kelele, "Papa, unamaliza stock!" Ukasema, "Acha." Neno moja. Nilidhani umechanganyikiwa. Ulikuwa unawaona wanarudi kwao kama ulivyoomba, na kiwanda chako kinaondoka nao. Nisamehe kwa kelele zile. Wiki mbili baadaye hukuwepo.

Papa Mdogo nilimwonyesha jalada. Alilisoma, nakuhakikishia alilisoma, halafu akalirudisha mezani. "Masika, mashini haina kinywa. Nani atasema? Wewe mwenyewe ulitangaza hana deni." Akanikumbusha Mama, akanikumbusha karo za wadogo zangu. Mnunuzi ameshatoa malipo ya awali na hayo tumeshayala. Tukimwambia Muzee Paluku, mashine inarudi Butembo barabara ikifunguka, na sisi tunabaki na mapipa. Tusipomwambia, tunakula mwaka mzima. Siwezi kukudanganya, wewe unayeingia na kutoka humu mchana kweupe: wiki mbili nililala na wazo hilo, na halikunichukiza.

Kilichoniamua ni kikohozi chako. Kilikuja tena, Jumatatu, karibu na mashine, na mara hii sikuita. Nilijua ukigeuka utaniuliza nilichosema kaburini.

Siku ya kuondoa matanga ukoo wote ulikusanyika uani kwetu, na safari hii watu walikuwa wengi kwa sababu mji umetulia. Padri alipomaliza nikasimama kabla Papa Mdogo hajaanza shukrani. Nikasema siku ile niliuliza vibaya. Nikasema Papa ameacha deni kwa Muzee Paluku wa Butembo, na deni kwa benki, na deni kwa mama huyu jirani, na kwamba mashine si yetu na haiuzwi. Nikasoma ukurasa wa kulia wote, mstari kwa mstari. Papa Mdogo akasema kwa sauti ambayo kila mtu aliisikia, "Unamupatisha kaka yangu haya mara ya pili." Akachukua koti lake akaenda. Hajarudi mpaka leo. Mama alikuja akasimama pembeni yangu.

Simu ya Butembo ilishika siku ya nne. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Muzee Paluku alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Nilisikia siku ile ile kwamba binti yake ametangaza hana deni. Nikasema sitamwita mutu aliyekufa muongo. Nikanyamaza." Nikamuuliza kama atakuja kuichukua mashine. "Na mimi niko na deni ya ile mashini, mama," akasema. "Nilikopa ili nikodishe papa yako. Lipa pole pole, lakini lipa."

Basi tumeanza. Malipo ya awali ya mnunuzi nitamrudishia kidogo kidogo. Shukuru amewasha tanuri jana, tunatengeneza miche midogo ya sokoni, kazi ambayo ulisema haina faida, na ulisema kweli. Mwezi huu nimemtumia Muzee Paluku nusu ya kodi kupitia simu. Kwenye katoni ile ya Madame Espérance nimepiga hesabu ya mwendo huu. Ni miaka sita, kama vita haitarudi. Na ikirudi, mahema yakirudi, tutalipa haraka zaidi. Siku nilipoliona hilo ndipo nilipokuelewa, na ndipo nilipoanza na mimi kuogopa kumwomba Mungu amani.

Jana fundi wa misalaba aliuliza aandike nini chini ya jina lako. Alikuwa ameshachora kwa penseli maneno yale ya siku zote, pumzika kwa amani. Nikamwambia afute. Aandike jina tu, nafasi ya chini aiache wazi.

Kwaheri, Papa. Kohoa ukitaka, nimeshazoea. Nakuahidi nitalipa mpaka mwezi wa mwisho na zile dola mia, na siku hiyo nitakuja na rangi na brashi niyaandike maneno yale kwa mkono wangu. Kwa sasa sithubutu kukuambia upumzike. Niliwahi kusema uongo mmoja juu ya kaburi lako.

Mtoto wako,
Masika