Harufu Inayonifuata Nyumbani

Chaani, Changamwe

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Kabla ya lolote niambie kama goti limepoa, na kama bado unapanda darini kuanua samaki mwenyewe ilhali nilikukataza. Sisi huku twaamka, alhamdulillahi. Bakari amenenepa. Mwenyewe asema ni mapishi yangu, mimi nasema ni uvivu.

Mama, nina mimba tena. Ajuaye ni wewe na mume wangu tu. Zile mbili zilizotoka bado naziota, na hii naogopa hata kuitaja. Mavyaa, mamake Bakari, ameshikilia kuwa nina jini mahaba, maana kila nikirudi kazini nywele zangu zina harufu tamu asiyoijua. Mimi naijua. Ni gesi tunayowalazia wagonjwa wa upasuaji. Naisikia mpaka kwenye foronya.

Mkubwa wetu wa nusukaputi ni Bwana Athman, mtu mwema, ndiye aliyenifundisha kazi. Lakini kati ya mgonjwa na mgonjwa hafungi koki. Gesi yavuma bure, ati mashine ikae tayari, na inayobaki hutoka kwa mpira uliopitishwa dirishani. Nilimsihi kwa adabu, nikamtania, nikawaomba na wenzangu mkutanoni. Nilisema nimesoma kwamba gesi hii huenda ikatoa mimba, na kwamba ikipanda juu haipotei upesi. Walicheka. Yeye akasema hewa ya Mungu ni kubwa, itaimeza.

Basi Ijumaa, kazi ilipokwisha na mitungi yote imefungwa, nilitia udi kwenye chetezo changu, nikakiweka nje pale kwenye mdomo wa mpira, nikawaita watazame. Moshi haukupanda mbinguni, Mama. Upepo uliukunja ukutani, mwingine ukaturudia, mwingine ukaingia wodi ya wazazi. Tukamsikia mzazi mmoja akiuliza ni nani anayefukiza. Hakuna aliyecheka.

Wenzangu waliondoka, Bwana Athman akabaki hata udi ukazimika. Mkewe wa kwanza, Zuhura, alikuwa muuguzi wa chumba hichohicho. Mimba zake hazikukaa hata moja. Alimpa talaka, akaoa mwingine, akapata watoto.

"Mwanaisha," akaniuliza, "na Zuhura je?"

Nikamjibu kwamba sijui, hakuna ajuaye kwa hakika.

"Nalimuata bure, nikampa talaka bila kosa," akasema.

Tangu siku hiyo koki zafungwa, na asiyefunga hukumbushwa na wenzake. Ningefurahi. Lakini jana nilimkuta peke yake, chumba hakina mgonjwa, anakaza koki iliyokwisha kufungwa, anaiachia, anaikaza tena. Niliogopa, nikarudi nyuma bila kumsalimu. Nimeomba kuhamia wodini mpaka nijifungue, naye amekubali bila kuniuliza sababu.

Nisalimie shangazi na ulimi wake, nyanya aliyenilea, na ndugu yangu mdogo, mwambie aache kulala chuoni.

Ila kuna jambo moja linanikosesha usingizi. Bwana Athman ameniomba nivuke Likoni nikamwambie Zuhura habari ya gesi. Anaishi huko kwa kakake, hakuolewa tena. Bwana Athman mwenyewe hathubutu. Nimekubali, na sasa najuta. Mama, wewe umezaa na umezika. Mwanamke aliyeambiwa miaka yote hii kwamba tumbo lake ndilo bovu, nikishaketi mbele yake, nianze vipi?

Nijibu upesi, na uniombee mimi na huyu niliyembeba.

Mwanao,
Mwanaisha